Bati, Dari na Ukuta: Tuzitazame Upya Nyumba Zetu za Kando ya Ziwa

Mlioko Bukoba mjini, Kitendaguro, Rwamishenye, Kashai na Hamugembe, na ndugu zetu wa Muleba, kuanzia Kamachumu hadi Nshamba, karibuni tuketi pamoja kwa muda mfupi. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho tunakaa chini yake kila siku na hatukitazami, yaani ile nafasi iliyo kati ya bati na kichwa cha mwenye nyumba.

Nianze na jioni moja. Nilikwenda Kitendaguro kumsalimia bibi yangu. Nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma, ilijengwa kwa pesa ya kahawa enzi za babu, na bati lake limeshageuka rangi ya kahawia kwa kutu. Mwaka ule watoto wake walikuwa wamechanga fedha za kumwekea dari, zikatosha vyumba viwili tu vya kulala. Sebule ikabaki wazi. Ukiinua macho unaona kenchi, papi na bati lenyewe. Tumekaa pale sebuleni, mvua ikaja kutoka ziwani kama zinavyokuja mvua za Aprili, bila kupiga hodi. Bibi alikuwa katikati ya habari za kibanja chake, yaani shamba lake la migomba. Nikawa naona midomo inacheza, sauti siisikii. Akanyanyuka, akanishika mkono, tukaingia chumbani, akafunga mlango, akaendelea na habari yake palepale alipoiachia, kwa sauti yake ileile ya upole. Mvua haikuwa imepungua hata kidogo. Kilichotutenga nayo ni ubao mwembamba na shubiri chache za hewa.

Tangu siku ile nimeacha kuliita dari pambo. Wengi wetu tunajenga kuta, tunaezeka, tunapiga lipu, tunapaka rangi ya mbele ili wapita njia waone, kisha dari tunalisogeza mwaka hadi mwaka. Tunasema, "Tutaweka tukipata." Watoto wanazaliwa, wanakua, wanaolewa, dari bado. Ninalotaka kusema leo ni hili: nyumba isiyo na dari haijakwisha kujengwa, na nyumba zetu za zamani za kando ya Ziwa Viktoria zinaweza kukamilishwa bila kubomolewa, mradi kazi ifuate mpangilio wake.

Kwanza tujue tunaishi wapi. Bukoba iko kando ya ziwa, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na iko digrii 1 na dakika kama 20 tu kusini ya ikweta. Mvua yetu kwa mwaka inafika karibu milimita 2,000, zaidi ya mara tatu ya ile inayonyesha Dodoma. Joto letu si la Dar es Salaam, wala baridi yetu si ya Makete. Kwa hiyo mtu anaweza kusema, "Hapa hali ya hewa ni nzuri, dari la nini?" Lakini hali ya hewa ya nje ni jambo moja na ya ndani ni jingine. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua la mchana linasimama karibu na utosi. Halipigi ukuta, linapiga paa. Ukuta wa mashariki unapata jua la asubuhi, wa magharibi unapata la jioni, lakini paa linalipokea tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri bila kupumzika.

Na paa hilo ni chuma. Chuma hupitisha joto mara mamia kadhaa kuliko majani makavu. Bati lenye kutu likipigwa na jua kali linachemka kiasi kwamba fundi hathubutu kulishika kwa kiganja kitupu. Sasa bati hilo haliishii kuwa la moto lenyewe tu. Linatupa joto chini kama kaa la moto linavyokupiga usoni hata hujaligusa. Ndiyo maana unaweza kufungua madirisha yote, upepo wa ziwa ukapita vizuri, na bado ukahisi utosi unawaka. Upepo unapoza hewa, lakini haulizuii bati kukupiga kwa joto lake.

Usiku mambo yanageuka. Mbingu zikiwa wazi, bati linapoteza joto upesi mno, linakuwa baridi kuliko hewa iliyolizunguka. Hewa yetu ya ziwani ina unyevu mwingi. Ule unyevu, pamoja na pumzi za waliolala, unagusa bati baridi na kugeuka maji. Alfajiri unasikia tone linadondoka juu ya chandarua, unadhani bati limetoboka. Unampandisha fundi juu, anatafuta tundu halioni, anapaka lami kwa kubahatisha, na wiki inayofuata tone linarudi. Bati halijatoboka. Linatoka jasho.

Wasikilizaji wangu, wazee wetu hawakuwa na tatizo hili, na ni vizuri tukumbuke kwa nini. Mushonge, ile nyumba ya mviringo ya Wahaya iliyoezekwa kwa majani kutoka kileleni hadi chini, ilikuwa na paa ambalo ndilo ukuta. Majani yale yalikuwa mazito, na katikati ya kila jani na jenzake kulikuwa na hewa iliyotulia. Hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto. Blanketi nalo linafanya kazi kwa njia hiyohiyo. Katikati kulikuwa na moto, na moshi ulipenya polepole kwenye majani, ukayakausha na kufukuza wadudu. Chini palitandikwa majani. Mchana mle ndani palikuwa na ubaridi, usiku pana uvuguvugu, na mvua ya Aprili ilikuwa mnong'ono.

Wala watu wa sehemu hizi hawakuwa wageni wa elimu ya joto. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha matokeo ya kazi yao juu ya uyeyushaji wa chuma wa kale katika nchi hii ya magharibi ya ziwa, kazi iliyokuwa ikifanyika miaka ipatayo 2,000 iliyopita. Katika kijiji cha Katuruka na kwingineko, ardhi yetu ilikuwa imetunza mabaki ya matanuri hayo. Wazee wa Kihaya walipoombwa kujenga tanuri kama walivyofundishwa na baba zao, walilijenga kwa mavi ya chuma na udongo wa kichuguu. Walijua udongo upi unafunga joto lisitoroke. Sisi wajukuu zao tumerithi chuma na kukiweka juu ya vichwa vyetu, lakini ule ujuzi wa kufunga joto tukauacha nyuma.

Siwalaumu babu zetu waliohama kutoka mushonge. Nyumba ya majani ilikuwa inaungua kwa dakika chache, ilihitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka, na moshi wake ulikuwa unaumiza macho na mapafu. Kahawa ilipoanza kuleta fedha, tangu miaka ya 1920 na zaidi miaka ya 1950, bati lilikuwa ushindi. Mtu aliyeezeka kwa bati alikuwa ameiondolea familia yake hofu ya moto na kazi ya kukata majani. Bati lilitupa uimara na maji safi ya mvua. Tulichosahau ni kwamba paa la majani lilikuwa linafanya kazi mbili, ya kuzuia mvua na ya kuzuia joto. Bati linafanya moja tu. Ile ya pili inahitaji dari.

Walioishi pwani walilielewa jambo hili kwa njia yao. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na kule Lamu, nyumba za zamani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, na juu ya vyumba zikapangwa boriti za mikoko, kisha mawe na chokaa juu yake. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Paa lile zito lilipovuja miaka ilivyokwenda, wengi waliweka juu yake paa jingine la bati au makuti, na katikati ikabaki nafasi ya hewa. Chumba cha chini kikawa na kivuli mara mbili. Kanuni ndiyo hiyo hiyo ninayoitetea leo: chuma kizuie mvua, hewa ikae katikati, na kitu kingine kimlinde mtu.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Ukiwa na nyumba ya zamani Kitendaguro, Kashozi, Bugabo, Kamachumu au Rubya, uanzie wapi? Mpangilio wangu ni huu: maji, hewa, dari, kisha ukuta. Ukivuruga mpangilio huu utapoteza fedha.

Anza na maji. Usiweke dari chini ya bati linalovuja. Ubao wa jipsamu ukinyonya maji unalegea, unafanya tumbo, kisha unaanguka. Hadibodi nayo inavimba. Kwa hiyo kagua bati kwanza: misumari iliyolegea, viungo vilivyoachana, kutu iliyokwisha kula. Badilisha yaliyooza, usizibe kwa lami kila mwaka. Weka gata zinazopeleka maji kwenye tanki, kwa maana maji yanayodondoka kutoka kwenye upenu yanaruka ardhini na kulowesha mguu wa ukuta. Pitia ukuta wako kwa nje, uangalie ile alama nyekundu ya tope inayofika magotini. Ile alama inakueleza kwa nini chumba kinanuka ukungu. Chimba mtaro, ardhi iteremke kutoka kwenye nyumba, na migomba isisongamane ukutani. Kibanja ni kivuli na ni chakula, lakini kiache upenyo wa jua na upepo wa kukausha ukuta.

Pili, hewa. Ile nafasi kati ya bati na dari isizibwe kabisa. Joto linalotoka kwenye bati lazima lipate mlango wa kutokea, na unyevu vilevile. Nina ndugu yangu aliyewekewa dari zuri sana, fundi akaziba kila tundu kwenye upenu kwa mbao na lipu, akasifiwa kwa kazi safi. Misimu miwili ya mvua ilipopita, mbao za kenchi zilikuwa zimeota ukungu mweupe, na dari limechorwa madoa. Hewa ilikosa pa kutokea. Acha matundu chini ya upenu na mengine juu pembeni mwa paa, hewa iingie chini na kutokea juu. Matundu hayo yawekwe wavu mgumu wa chuma wenye macho madogo, ili panya, ndege na popo wasifanye makao.

Na hapa niseme juu ya popo, kwa sababu mkoa wetu wa Kagera umeonja msiba. Mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg uliingia Bukoba Vijijini, na mwaka 2025 ukatokea Biharamulo. Popo anayehusishwa na virusi hivyo ni yule mkubwa mla matunda, anayeishi mapangoni. Wale wadogo wanaojificha kwenye mapaa yetu wengi wao hula wadudu, na wanatusaidia kupunguza mbu na nondo. Hata hivyo mavi yao yaliyorundikana darini si salama kuyavuta. Usiyafagie makavu. Yaloweshe kwanza, vaa barakoa na glavu, watoto wakae mbali. Usiwazibie popo ndani wakafia humo. Subiri waruke jioni kwenda kutafuta chakula, hakikisha hawajaacha vichanga, ndipo uzibe.

Tatu, dari lenyewe. Fundi atakuwekea kwanza fremu ya mbao, ile wanayoiita blandaringi, kisha silingibodi, plaiwudi au jipsamu. Mbao ziwe zimekauka na zimetiwa dawa ya mchwa, kwa sababu mchwa wa kwetu hana subira. Kwa vyumba vyenye unyevu, mbao nyembamba zilizopangwa au plaiwudi zinavumilia kuliko jipsamu. Dari hilo peke yake linapunguza joto na kelele kwa kiasi kikubwa. Lakini ukiweza kuongeza tabaka moja juu yake, unapata nyumba nyingine kabisa.

Tabaka hilo lipo la aina mbili. La kwanza ni karatasi ya alumini inayong'aa, inayotandazwa chini ya bati. Alumini safi inarudisha sehemu kubwa sana ya lile joto linalotupwa na bati. Ina masharti mawili: isigusane na bati, na upande wake unaong'aa utazame chini kwenye hewa, maana ukitazama juu utafunikwa na vumbi na kupoteza nguvu. La pili ni kitu chepesi chenye hewa nyingi ndani yake, kinachotandazwa juu ya dari. Madukani ipo pamba ya kioo na pamba ya mawe. Asiyeweza kununua anaweza kutumia maranda makavu ya seremala yaliyochanganywa na chokaa kidogo kuzuia wadudu. Lakini maranda yanashika moto. Usiyatandaze kabla fundi umeme mwenye leseni hajakagua nyaya zote, kila kiungo kikawa ndani ya boksi, na taa hazigusani nayo.

Nasisitiza neno "chepesi" kwa sababu hatujasahau Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016. Alasiri ile ardhi ya Kagera ilitikisika kwa tetemeko la ukubwa wa 5.9. Watu zaidi ya 15 walipoteza maisha, mamia wakajeruhiwa, maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka. Shule za Ihungo na Nyakato ziliharibiwa kiasi cha kufungwa. Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za matofali yaliyoshikwa kwa udongo, zisizo na mkanda wa zege juu ya ukuta. Kwa hiyo mtu akikushauri utandaze udongo darini kama kizuia joto, fanya hesabu. Udongo wa unene wa sentimita 5 una uzito wa kilo 70 hivi kwa kila mita moja ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 kitabeba kilo zaidi ya 800 juu ya kitanda chako. Maranda ya unene huohuo hayazidi sana kilo 60 kwa chumba kizima. Kinachowekwa juu ya watu waliolala kiwe kile ambacho kikianguka hakiui.

Kama fundi anafungua paa kwa ajili ya kazi hii, mwombe atazame pia mkanda, nyufa za kwenye pembe, na ule ukuta wa pembetatu unaobeba paa pembeni. Ndiyo nafasi ya kufunga kenchi vizuri kwenye ukuta.

Nne na mwisho, ukuta. Nimeuweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu ukuta wa matofali ya kuchoma au wa fito na udongo tayari una unene na unafanya kazi nzuri. Adui yake ni unyevu. Ukuta wa udongo uliopigwa lipu ya saruji unafungwa pumzi. Maji yanaingia kwa chini au kwa ufa mdogo, yanashindwa kutoka, udongo unalainika nyuma ya saruji, kisha siku moja lipu yote inabanduka kama ganda. Kugonga kwa kidole tu kunatosha: ukisikia sauti ya uwazi, jua lipu imeshaachana na ukuta. Ukuta wa namna hiyo unataka lipu ya chokaa, inayoruhusu unyevu utoke. Walinzi wa majengo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar wamekuwa wakilihubiri somo hili la chokaa kwa miaka mingi. Ukuta wa magharibi, unaopigwa na jua la jioni, umalize kwa chokaa nyeupe na kivuli cha baraza au mti ulio umbali wa kutosha. Hiyo ni kinga rahisi kuliko ukuta wa pili wa matofali, ambao usipofungwa na ule wa kwanza ni hatari ya ziada siku ardhi itakapotikisika.

Nina tahadhari mbili nyingine, nazo ni za uhai. Kwanza, yako majengo ya zamani yaliyoezekwa kwa asbesto, yale mabati mazito ya kijivu yanayofanana na saruji. Vumbi lake linaleta saratani. Usilikate, usilitoboe, usilivunje ili kupitisha mbao za dari. Waone wahandisi wa manispaa au halmashauri kabla hujagusa. Pili, nyumba ikishafungwa vizuri, usiingize jiko la mkaa chumbani usiku wa mvua. Moshi wa mkaa usioonekana unaua watu usingizini. Jiko la kuni nalo lisiwekewe dari kabla ya kupata bomba la kutolea moshi.

Huenda mtu akaniambia, "Mwenzetu, unazungumzia starehe, sisi tuna ada za shule." Namjibu kwa malaria. Wilaya ya Muleba imepigwa na milipuko ya malaria, na ni hukohuko Muleba ulikofanyika utafiti mkubwa wa vyandarua vilivyoongezewa PBO, kemikali inayoipa nguvu dawa ya kuua mbu, ambao matokeo yake, yaliyochapishwa 2018, yamesaidia nchi nyingi za Afrika. Mbu wengi wanaouma usiku huingia kwa kupitia upenu, ule uwazi kati ya ukuta na paa. Nchini Gambia, utafiti uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizowekewa dari la wavu zilipata mbu pungufu kwa karibu nusu, na watoto wake wakawa na upungufu mdogo wa damu kuliko wenzao. Dari ni pazia la pili juu ya chandarua. Na mtoto aliyelala pasipo na jasho la bati wala kelele, asubuhi anakaa darasani akiwa na akili yake yote. Ada ya shule ile ile inazaa zaidi.

Wala si lazima kumaliza nyumba nzima kwa mara moja. Bibi yangu alianza na vyumba viwili. Msimu wa kahawa uliofuata tukaongeza cha tatu. Panga na wenzako wa kikundi cha kuweka na kukopa, mwaka huu dari la huyu, mwaka kesho la yule. Mkinunua mbao na ubao kwa pamoja, bei inashuka, na fundi mmoja anajifunza kuifanya kazi vizuri kwa sababu anairudia. Na ninyi wenye nyumba za kupangisha, mpangaji naye ni mtoto wa mtu. Chumba cha bati tupu si chumba kamili.

Wazee wanaonisikiliza watakumbuka mwaka 1973, ile kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchini kote walikaa katika vikundi, redio katikati, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakainuka na majembe. Walichimba vyoo, walifyeka vichaka, walifukia madimbwi kandokando ya nyumba. Hawakusubiri msaada. Walisikia jambo la maana, wakalifanya kabla ya kipindi kinachofuata. Nyumba zetu zilibadilika kwa sauti ya redio na kwa mikono ya wenyewe.

Nami leo ninaomba kazi ndogo kuliko ile. Jumamosi hii, saa nane mchana, jua likiwa kali, ingia chumba cha watoto, simama katikati, inua kiganja juu ya kichwa chako na usikilize joto. Kisha toka nje, zunguka nyumba, utafute alama ya tope ukutani na matundu ya upenu. Ukimwita fundi, kabla hujampa hata shilingi moja, muulize mambo matatu: maji yatapita wapi, hewa itatokea wapi, na uzito utabebwa na nini. Akijibu yote matatu, mpe kazi. Asipojibu, tafuta mwingine.

Bibi yangu sasa ana dari nyumba nzima. Mvua ikija, hatunyanyuki tena kukimbilia chumbani. Tunabaki sebuleni, na habari za kibanja zinaendelea.